Unakarabati jikoni? Hesabu wati kabla ya kununua oveni

Wengi wakikarabati jikoni huanza na rangi na makabati, oveni inanunuliwa mwisho. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Soketi ya kawaida ya ukutani hubeba ampea 13, yaani takribani wati 3,000. Birika la umeme la wati 2,000 na oveni ya mezani ya wati 1,500 zikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja, kiwango kimeshapita. Waya unapata moto, plagi inayeyuka, nyumba inaweza kuungua.

Kwa hiyo soma wati kwenye kibandiko cha kila kifaa, halafu mwambie fundi umeme aongeze soketi kabla plasta haijapigwa. Oveni kubwa ipewe laini yake peke yake.

Na LUKU je? Oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula uniti 2.