Kuchora Mandhari Huanzia Miguuni

Anayejiandikisha kwenye warsha ya kuchora mandhari kwa kawaida hutarajia kupelekwa penye kutazamika, akae, achore. Msanii anayeijua kazi yake humkatisha tamaa mapema: leo tunatembea, na michoro mingi itachorwa njiani.

Chukua njia ya kutoka mjini Lushoto hadi Irente, Usambara Magharibi, mwendo wa kilomita kama sita. Ukifika ukingoni, mlima unakatika ghafla, na Mazinde iko bondeni, karibu mita 1,000 chini yako. Aliyeshushwa hapo na gari atachora kadi ya posta: mstari wa upeo, mwamba pembeni, wingu juu. Aliyepanda kwa miguu amekwisha kuona jinsi matuta yanavyoshikilia udongo wa shamba la mteremko, maji ya mvua yalivyochimba kando ya njia, na pale ambapo njia ilibidi izunguke. Anajua kwa nini mistari ya eneo lile inapinda inavyopinda.

Macho peke yake hudanganya. Watafiti wameonyesha kwamba mtu akitazama kilima hukikadiria kuwa kikali kuliko kilivyo. Ndiyo maana milima ya wanafunzi hutoka imechongoka kama meno ya msumeno. Dawa ni kunyoosha mkono, kulaza penseli sambamba na mteremko, kisha kuishusha vivyo hivyo hadi kwenye karatasi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuchora bila kutazama karatasi: penseli isiinuliwe, mkono ufuate jicho taratibu kwenye kingo za mti au jabali. Mchoro hutoka kituko, na watu hucheka. Lakini mchoraji ameuacha mti wa kichwani mwake, ule wa kijiti na duara juu, akauchora huu ulio mbele yake.

Umbali nao una kanuni. Hewa hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, hivyo nyika ya mbali huonekana ya samawati, imefifia. Ya mbali yachore kwa penseli ngumu, 2H. Ya karibu kwa 4B.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 Richard Long, akiwa bado mwanafunzi wa sanaa London, alikwenda na kurudi kwenye uwanja wa nyasi huko Wiltshire mpaka mstari ukaonekana, akaupiga picha. Hakutumia penseli. Wanafunzi wanaokatisha uwanja wa shule hufanya hivyo kila siku, utasema. Kweli, ila yeye alitaka mstari wenyewe, si njia ya mkato, na kwangu hilo linatosha kuuita mchoro.

Kwa hiyo ukiona tangazo la warsha ya namna hii, kabla ya kulipa ada uliza mtatembea kilomita ngapi. Ukijibiwa kwamba usafiri upo hadi kileleni, tafuta mwalimu mwingine.