Walker: Jina lisilohusu safari

Mashabiki wa kandanda wanaomfahamu Kyle Walker, beki aliyepata kuichezea Manchester City, huenda wakadhani kuwa jina lake la ukoo lina maana ya msafiri. La hasha! Asili ya jina hilo ni kazi.

Katika Uingereza ya Zama za Kati, kitambaa cha sufu kilipotoka kwa mfumaji kilikuwa kimelegea na kujaa mafuta ya kondoo. Kilitiwa katika maji yenye mkojo uliochacha au udongo unaofyonza mafuta, kisha mtu akakikanyaga kwa miguu hadi kikasafika na nyuzi zikashikamana.

Mkanyagaji huyo aliitwa Walker kaskazini, Tucker kusini-magharibi na Fuller kusini-mashariki. Hivyo, majina matatu yanayoonekana kutohusiana yalitokana na kazi moja, na kila moja hudokeza eneo la chimbuko lake.

Kuanzia karne ya 12, vinu vya maji vyenye nyundo za mbao vilianza kuwapokonya wakanyagaji kazi hiyo. Miguu ikapumzika, lakini jina likarithiwa na vizazi ambavyo havikuwahi kukanyaga sufu.