Nyayo za Chui Milia Handakini

Herbert Hoover, kwa kusimulia kwake mwenyewe, alikuwa akikagua handaki la kale katika milima ya kaskazini mwa Burma alipoona sakafuni nyayo mbichi za chui milia. Yeye na wenzake hawakungoja kumjua mwenye nyumba, wakarudi walikotoka. Miaka kadhaa baadaye njia kuu ya kuingilia mgodi huo ilipochimbwa, ilipewa jina la mnyama yule: Tiger Tunnel.

Hoover huyu ndiye aliyekuja kuwa rais wa Marekani kuanzia 1929 hadi 1933, na historia inamkumbuka zaidi kwa sababu uchumi wa dunia ulianguka akiwa Ikulu. Lakini kabla ya siasa alikuwa mhandisi wa migodi, na sehemu kubwa ya utajiri wake ilitoka kwenye shimo lile la Bawdwin, ambalo wachimbaji wa Kichina walikuwa wamelifanyia kazi kwa zaidi ya karne nne, wakaliacha. Nilikutana na kisa chake nikitafuta jambo jingine, namna wanunuzi wa marudio huku Kanda ya Ziwa wanavyojua kama lundo la mchanga uliokwisha kusagwa bado lina kitu. Swali likanikaa kichwani na halikuondoka. Mtu anajuaje kilichobaki mahali ambapo wenzake wamekula na kunawa?

Wachina wa Yunnan walianza kuchimba Bawdwin mwanzoni mwa karne ya 15. Walichotaka ni fedha. Jiwe la pale ni zito na linang'aa kwa sababu limejaa risasi, na fedha imejificha ndani ya risasi hiyo. Waliliyeyusha kwa makaa ya miti mpaka risasi ikatiririka ikiwa imeibeba fedha. Kisha wakaipasha tena huku wakiipulizia hewa, na hapo moto ukafanya kazi ya ajabu: risasi inashika hewa, inageuka majimaji ya rangi ya manjano na kujitenga, ilhali fedha haikubali kushikwa. Inabaki peke yake katikati ya jiko, tone jeupe linalometa ghafla utando wa mwisho wa risasi unapoondoka.

Hilo tone ndilo walilolibeba kuvuka milima kurudi kwao. Mabaki ya tanuri, ambayo wahunzi wetu wangeyaita mavi ya chuma, waliyamwaga mabondeni. Risasi nyingi ilipotelea humo, na zinki hawakuitoa. Uasi ulipoichafua Yunnan katikati ya karne ya 19, kazi ikafifia, na kufikia mwaka 1868 hivi mgodi ukaachwa. Msitu ukarudi, malundo yakaota miti.

Mpimaji anapofika mahali kama hapo hatangulii shimoni. Anatangulia kwenye malundo, kwa sababu lundo haliwezi kusema uongo juu ya ukubwa wake. Unapima urefu, upana na kimo, unachimba visima vya majaribio toka juu hadi chini, unapima uzito wa kipande, kisha unauliza: mabaki mengi hivi yalitoka kwenye mbale kiasi gani? Na mbale kiasi hicho ilitoka kwenye mwamba wa ukubwa gani? Takataka inakupa umbo la shimo kabla hujaliona. Malundo ya Bawdwin yalisema kuwa mwamba ulioyazaa haukuwa mdogo.

Tena malundo yenyewe yalikuwa mali. Kampuni iliyoanzishwa kuufufua mgodi ilijenga reli nyembamba, milimita 610 kati ya chuma na chuma, ikizunguka vilima kwa takriban kilomita 80 hadi kuungana na njia kuu. Shehena ya kwanza kuyeyushwa, huko Mandalay na baadaye Namtu, ilikuwa taka ya Wachina. Kilichotupwa kikalipa gharama za kutafuta kilichofichika.

Mwaka 1909, katikati ya shughuli hizo, Hoover alichapisha kitabu cha kanuni za uchimbaji kilichotokana na mihadhara yake vyuoni. Kurasa zake za mwanzo ndizo zilizonifunga. Thamani ya mgodi, anasema, ina sehemu nne. Ya kwanza ni faida iliyomo katika mbale iliyokwisha kufunuliwa. Ya pili ni faida inayotarajiwa pale mwamba unapoendelea mbele ya macho. Ya tatu ni bei ya madini kupanda au kushuka. Ya nne ni uhodari wa wasimamizi. Ile ya kwanza tu ndiyo inayopimika kwa karibu. Ya pili na ya tatu ni kubahatisha, ya nne ni suala la uendeshaji, na mpimaji mwaminifu hazichanganyi na ya kwanza.

Basi jinsi ya kuipata hiyo ya kwanza. Mpimaji anasafisha uso wa mwamba mpaka jiwe bichi lionekane. Anatandika turubai chini. Kwa nyundo na patasi anachonga mfereji unaokata mkanda wa madini kutoka ukingo hadi ukingo, upana na kina vikiwa vilevile mwanzo hadi mwisho, maana mkono hupenda kuchimba zaidi palipo laini, na mara nyingi palipo laini ndipo palipo na utajiri. Akimaliza anasogea hatua zilezile alizojiwekea, anachonga tena, pawe pazuri au pabaya. Kuchagua mahali kwa jicho ni kujidanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya mwenye mtaji.

Kile kilichoanguka kwenye turubai kinapondwa, kinachanganywa, kinarundikwa kama pia, kinagawanywa mafungu manne. Mafungu mawili yanayotazamana yanatupwa. Yaliyobaki yanapondwa laini zaidi, yanarundikwa tena, yanagawanywa tena, mpaka gunia zima linabaki kifuko kimoja kinachosema habari za gunia. Kifuko kinafungwa na kupigwa lakiri, na mpimaji hakiachi kitoke machoni pake, kwa sababu wauzaji wa migodi tangu zamani wamejua kuongeza madini ndani ya sampuli wakati mwenye kazi amelala.

Maabara nayo inafanya jambo lililonifanya niweke kitabu chini. Ili kupata fedha iliyomo kwenye sampuli, mpimaji anaiyeyusha pamoja na risasi, anaiweka kwenye kikombe cha majivu ya mifupa, anaipasha moto huku hewa ikipita. Risasi inashika hewa, inayeyuka na kunyonywa na kikombe. Fedha inabaki, tone dogo la kuweka kwenye mizani. Ni moto uleule wa Wachina wa Bawdwin, umepunguzwa ukaingia kwenye kiganja. Yule aliyekuja kuhesabu kazi ya marehemu hakuwa na njia nyingine ila kuirudia.

Halafu zinakuja hesabu. Hoover anaonya juu ya majibu machache yaliyo juu kupita kiasi, kwani sampuli mbili tatu tajiri zinaweza kuinua wastani wa mgodi mzima usiostahili. Anataka pia lile neno lililopendwa na madalali, kwamba mgodi una mbale "inayoonekana", liachwe, kwa kuwa hakuna anayeona ndani ya jiwe. Mahali pake anapendekeza ngazi tatu: mbale iliyothibitishwa, ambayo kukatika kwake hakutarajiwi, mbale yenye uwezekano, ambayo kuna hatari lakini pia kuna sababu nzuri ya kuamini, na mbale ya matarajio, ambayo haiwezi kuingizwa katika hizo mbili. Taarifa za makampuni ya leo bado hutenganisha kilichopimwa, kilichoashiriwa na kinachodhaniwa.

Baada ya tani ndipo faida, na hapa ndipo wengi wanateleza. Jiwe lenye fedha si lazima liwe mbale. Linakuwa mbale siku ambayo bei ya madini inazidi gharama ya kulitoa, kulisaga, kuliyeyusha na kulisafirisha, na linarudi kuwa jiwe siku bei inaposhuka. Ndiyo maana Hoover anapendelea bei ya wastani wa miaka mingi kuliko bei ya leo asubuhi. Na hata faida ikipatikana, anakumbusha, sehemu yake si faida. Mgodi ni ghala lisilo na msimu wa mavuno: kila kibaba kinachotoka hakirudi, kwa hiyo katika kila gawio mwekezaji anarudishiwa kipande cha mtaji wake mwenyewe, na asiyekitenga atajikuta siku moja ana shimo tu.

Kwa kipimo chake mwenyewe, Bawdwin ilikuwa kamari. Malundo yalithibitishwa, lakini mwamba wa chini ulikuwa matarajio. Miaka ilipita wahandisi wakitafuta chini ya machimbo ya Wachina, malundo yakipungua na pesa nazo. Karibu na mwaka 1913 walifikia mkanda waliouita Chinaman, wenye risasi zaidi ya asilimia 20, pamoja na zinki na fedha nyingi. Tiger Tunnel, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, ilikamilika mwaka 1916. Hoover aliuza hisa zake mwaka 1918 akiwa tajiri. Katika miaka ya 1930 Bawdwin ilihesabiwa miongoni mwa migodi mikubwa ya risasi na fedha duniani.

Mojawapo ya mahandaki ya kale yaliyofunguliwa upya liliitwa Dead Chinaman, yaani Mchina Aliyekufa. Jina limo kwenye taarifa za kijiolojia, mtu hayumo. Nimezirudia sehemu zile nne za thamani nikitafuta mahali pa kumweka, sikupaona. Waliochonga mwamba ule kwa mkono kwa karne nne ndio walioonyesha njia, kisha wakageuka kuwa jina la mkanda wa madini.

Vita navyo havimo kwenye hesabu. Mwaka 1942 Wajapani waliitwaa Burma, na wazee wetu wa Keya, askari wa King's African Rifles, wakapelekwa kupigana huko mwaka 1944, magharibi zaidi ya Bawdwin. Miaka ya 1960 mgodi ukataifishwa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Australia ilitangaza kuwa bado kuna zaidi ya tani milioni 100 za mwamba wenye madini, zenye takriban asilimia 4 ya risasi. Asilimia ambayo mwaka 1913 ingedharauliwa sasa ilikuwa habari njema, kwa kuwa mashine na bei zimebadilika. Kisha yakaja mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021 huko Burma, na kampuni ikauza sehemu yake. Hakuna hata tani moja iliyokuwa imehama mahali pake, na thamani ilikuwa imeporomoka.

Sisi nasi tunayo mashimo ya namna hii. Mpanda ilipata reli kutoka Kaliua kwa sababu ya risasi, shaba, fedha na dhahabu. Mgodi ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli ikabaki kuwa ya abiria na mahindi. Migori, nchini Kenya, kuna mgodi wa Macalder na mabaki yake. Bei zikipanda, wapimaji watakuja na mashine za kutoboa miamba, na taarifa zao zitasomwa mbele ya wanakijiji kwa takwimu zinazotia kizunguzungu.

Hapo ndipo ningependa mtu wa kawaida awe na ngazi zile tatu mkononi. Asimame aulize: katika tani hizi, zilizothibitishwa ni ngapi? Faida imepigwa kwa bei ya mwaka gani, na ikishuka nani anaacha kazi kwanza? Malundo ya zamani, ambayo vijana wetu wanaishi kwayo, yamehesabiwa kuwa mali ya nani? Shimo likiisha, nani analifukia, na pesa hizo zimetengwa wapi tangu leo? Hoover alifundisha kupima kilichobaki ndani ya mwamba. Sijaona popote alipofundisha kupima kinachobaki kwa wanaoishi juu yake, na sijui kwa nini tuendelee kuita thamani ya mgodi hesabu ambayo wao hawamo.