mm_users na mm_count: hesabu mbili zinazochanganya watu ndani ya Linux

Ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu ya kompyuta, kuna vigeu viwili vinavyotumika pamoja: mm_users na mm_count. Vyote vinahesabu. Lakini vinahesabu nini? Hapo ndipo penye kazi.

Chukulia nyumba ya kupanga. mm_users ni idadi ya wapangaji, hasa nyuzi za programu zinazotumia kumbukumbu hiyo. Akihama wa mwisho, kerneli inatoa vyombo vyote vyumbani na kumbukumbu inarudishwa. Kuta bado zimesimama, maana mm_count inahesabu wanaozuia nyumba isibomolewe. Humo wapangaji wote kwa pamoja ni kama mtu mmoja tu, na mlinzi naye anaweza kuwepo hata vyumba vikiwa vitupu.

Ukichanganya hizo mbili, madhara yanakuja kimyakimya. Ongeza mm_users usahau kuipunguza: programu imeshakufa, kumbukumbu yake bado imeshikiliwa. Shika mm_count peke yake kisha uingie chumbani: hukuti kitu. Ukipunguza mm_count mara moja zaidi, nyumba inabomolewa mtu yumo ndani, na makosa ya aina hiyo wadukuzi wanayapenda sana.

Mimi lawama naitupia mm_count. Jina linasema "hesabu" halafu linanyamaza.

Mwaka 2017, toleo la 4.11 lilileta fanksheni mbili, mmget na mmgrab, ili watu waache kuongeza hesabu hizo kwa mkono. mmget inafungwa na mmput, mmgrab inafungwa na mmdrop. Sasa ukiona grab bila drop unashtuka mapema. (Ila "get" na "grab" ni kama chukua na nyakua, bado utakariri tu!)

Si wangebadilisha jina lenyewe? Inawezekana, ila ni kazi, maana jina limetapakaa kwenye mafaili mengi. Katika toleo la 5.8, mwaka 2020, mmap_sem iligeuzwa mmap_lock. Kwanza matumizi yake yaliwekwa nyuma ya fanksheni kama mmap_read_lock, ndipo jina likaguswa. La zamani lilitaja aina ya kufuli, semafori. Jipya linasema ni kufuli, basi. Kesho wakibadili aina, jina halitadanganya.

Wala usidhani dawa ni urefu. Mwongozo wa uandishi wa Linux unataka count_active_users badala ya cntusr kwa fanksheni inayoitwa kutoka kokote, lakini ndani ya kitanzi kifupi, i inatosha kabisa.