Palipofumwa Marikani Sasa Walala Watu

Mji wa Lowell, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, umejengwa kwa pamba. Pana mto uitwao Merrimack, wenye maporomoko ya kiasi cha futi 32. Katika miaka ya 1820 matajiri wa Boston walichimba mifereji, wakayapitisha maji yale chini ya majumba ya matofali mekundu ili yazungushe mitambo ya kufumia nguo. Mojawapo ya majumba hayo ni Boott Mills, lililoasisiwa mwaka 1835. Lilifuma kwa zaidi ya miaka mia, likafungwa katikati ya miaka ya 1950. Leo sehemu moja ni makumbusho, na sehemu nyingine ni fleti ambamo watu hupika, hulala na kulea watoto.

Huenda msomaji akauliza, na sisi watu wa pwani yatuhusu nini hayo? Yatuhusu mno. Nguo iliyotoka katika viwanda vya Lowell, Salem na miji jirani ndiyo tuliyoiita marikani. Sayyid Said alifunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, alianza kazi Unguja. Merikebu zilishusha majora ya nguo nzito isiyopaushwa, zikapakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ile ikawa ndiyo fedha ya bara. Misafara ilihesabu mali kwa shuka na doti. Shuka mikono minne, doti minane. Kwa doti hizo kilinunuliwa chakula, zililipwa hongo za njiani na, tusifichane, walinunuliwa wanadamu.

Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Tena Lowell ilifuma nguo duni ya kuwavisha watumwa hao hao, nao wakaiita kwa jina la mji. Basi uzi mmoja, mtumwa huku na mtumwa kule.

Katikati walikuwapo wasichana wa mashambani waliokuja kutafuta mshahara. Waliamshwa kwa kengele, wakafanya kazi saa 12 au 13 kwa siku, madirisha yamefungwa ili uzi usikauke ukakatika, na vumbi la pamba likiwaingia vifuani. Mwaka 1834 waligoma kwa kukatwa mishahara. Mwaka 1836 wakagoma tena, safari hii kwa sababu gharama ya mabweni waliyolala ilipandishwa.

Nayo kodi ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mtoto wa dada yangu ni mmoja wa Wakenya wengi waliohamia Lowell, naye amepanga katika jumba mojawapo la pamba la zamani. Aliniletea picha. Dari iko juu, boriti nene kama za jahazi, na madirisha yamepita kimo cha mtu, kwani kabla ya umeme mfumaji alitegemea jua. Sakafu iliyobeba mitambo mizito haishindwi na kitanda na kabati, na ukumbi usio na kuta za kati ni rahisi kuugawa upendavyo. Kuta wameziacha matofali matupu. Kwetu, ukuta usiopigwa lipu ni dalili kwamba mwenye nyumba aliishiwa. Kule ndio fahari inayolipiwa.

"Mjomba," aliniambia, "hapa nalipia historia."

Alipotaja kiasi nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwuliza, historia ya nani?

Sisemi kwamba ingekuwa heri wabomoe. Kiwanda cha kwanza kabisa cha mji ule, cha kampuni ya Merrimack, kilivunjwa, na leo hakuna wa kukiuliza kitu. Ni baada ya hasara kama hizo ndipo mwaka 1978 serikali ya Marekani ilipoitangaza Lowell hifadhi ya taifa ya historia. Katika makumbusho ya Boott, mitambo ya kufumia zaidi ya 80 imepangwa ukumbini, na baadhi huwashwa ili mgeni asikie ule mshindo. Hayo ni makubwa. Sisi katika miji yetu ya kale tumeyaacha maghala mangapi yakaanguka, kisha tukajenga maduka ya vioo juu yake?

Ila ningependa mpangaji ajue. Bibi yangu alikuwa na kasha la msaji, na chini kabisa ya kasha alikunja marikani yake ya sanda. Kila mwaka aliitoa, akaianika, akaifukiza udi, akairudisha. Nguo ile haikutoka Lowell. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliwakatia Wamarekani biashara, Bombay ikapata nafasi yake, na baadaye Japani ikajaza masoko. Kitambaa kilibadilika mfumaji, jina halikubadilika. Na kwa jina hilo tumewazika wazee wetu.

Nilimweleza kijana haya yote kwa simu. Mama yake, aliyekuwa kando yangu akisikiliza, akaomba simu amwulize jambo moja tu: je, marikani nzuri bado yapatikana huko? Kijana akaenda akauliza madukani, siku ya pili akajibu kwamba hakumpata hata mmoja aijuaye nguo ya jina hilo.