Pua Iliyoziba: Vumbi au Ukuta?
Anayeshinda kwenye vumbi la soko la Kongowea na pua iliyoziba mwaka mzima hulilaumu vumbi hilo. Huenda ana haki, ila vumbi halipindi ukuta wa kati wa pua. Ukipinda, dawa hupunguza uvimbe tu. Njia hubaki nyembamba. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 378, uliochapishwa 2023, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliopasuliwa kunyoosha ukuta huo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa dawa za kupuliza. Husemwa kwamba baada ya upasuaji nyama hurudi. Vinyama vya puani hurudi kweli, hasa kwa wenye pumu, lakini ukuta ni jambo jingine. Kinachonitia shaka zaidi ni matone ya kuzibua: yakizidi wiki moja, yenyewe huiziba pua, na huko kisu hakihitajiki.