Ushahidi Haupo, au Hakuna Aliyepima?

Swali ni lile lile, na limeulizwa mno: kama maji ya visima vya Likasi, mji wa madini wa Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yana madini yenye sumu, mbona hakuna ushahidi? Wanaouliza hudhani wameshajijibu. Kukosa ushahidi huwa hoja pale tu ambapo kitu, kama kingekuwapo, kingeonekana kwa njia iliyotumika kukitafuta. Kisima cha mitaa ya Shituru au Panda mjini humo ambacho hakijapimwa hakijathibitisha lolote, si usalama wala hatari. Kinachodanganya wengi ni macho na ulimi: maji ni maangavu, hayanuki, tumeyanywa miaka yote. Lakini risasi na aseniki, kwa viwango vinavyodhuru polepole, havibadilishi rangi wala ladha ya maji. Macho yasiyoweza kuiona sumu hata ikiwapo hayawezi kuwa shahidi kwamba haipo. Na tafadhali, tuachane na dhana kwamba kuchemsha ni dawa ya madini. Moto huua vijidudu. Madini hubaki sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo kila kikombe kinavyobeba madini zaidi. Na pale palipopimwa, madini yalionekana: mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga, na waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikutwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali zaidi. Kobalti hiyo ilikuwapo mwilini kabla ya mtu yeyote kuipima.

Wapo wanaopinga: basi hatuwezi kamwe kusema kitu hakipo. Tunaweza. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 kwa sababu hakuonekana mgonjwa mpya kwa siku 42, mara mbili ya siku 21 ambazo ugonjwa unaweza kukaa bila dalili, huku tetesi zikifuatiliwa na maabara zikipima. Februari 2021 ulizuka tena eneo la Butembo. Hilo halifanyi tangazo kuwa la kizembe, linaonyesha tu kwamba hitimisho lenye msingi bado si uhakika kamili.

Kwa hiyo anayesema hakuna ushahidi aulizwe: ulipima madini gani, kisima kipi, na kipimo chako huanza kuona kiwango gani? Chukueni sampuli wakati wa kiangazi na nyingine wakati wa mvua, mzipeleke maabara. Majibu yakichelewa, watoto na wajawazito wapewe kwanza maji yanayotoka mbali na viwanda. Vumbi nalo hubeba madini, hivyo sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu.